Kijiti cha Nne

Nabwile aliomba jicho moja likiwa wazi. Hakupenda kusali namna hiyo, lakini mgeni alikuwa ameketi mkabala naye, na ukutani, juu ya kichwa cha mgeni, lilining'inia litungu, kinubi cha nyuzi saba cha marehemu mumewe, Wangila.

"Amina," akasema mgeni. Aliitwa Kiptanui. Alikuwa ametoka Kitale hadi Bumula kueleza kwamba ukumbi wao wa muziki, uliogeuzwa stoo ya mahindi kwa miaka mingi, sasa umefagiwa. Wazee wachache walitaka nyimbo zirudi mjini kila Jumamosi alasiri. "Mama, tuazime litungu la mzee, na wimbo wake mmoja ukiruhusu. Jumapili litakuwa hapo hapo ukutani."

"Hata yule wa kwanza aliahidi," Nabwile akajibu.

Wa kwanza alikuwa kijana mmoja. Alikuja wakati Wangila yu hai, akarekodi wimbo kwa simu, akaahidi ni wa kumbukumbu tu, akanywa chai, akashukuru. Mwaka uliofuata Nabwile aliusikia wimbo ule kwenye harusi mjini Bungoma, ukitangazwa kuwa wa kijana yule. Sasa ulibaki wimbo mmoja ambao haujawahi kutoka nje ya boma, ule ambao Wangila alimtungia mkewe. Huo ukienda, atabaki na nini cha mumewe?

Shemeji yake, Walubengo, alimvuta kando. "Shemeji, huyu atakunyoa bila maji. Ati ukumbi! Si atakuwa na simu pia?"

Nabwile akarudi kwa mgeni. "Litungu halitoki bila mimi."

"Hata vizuri zaidi," akasema Kiptanui. Jibu hilo jepesi lilimtia Nabwile wasiwasi zaidi kuliko kama angekataa.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kulifunga litungu kwenye shuka, alichomoa kijiti kimoja kati ya vile saba vinavyokaza nyuzi, kile cha nne. Uzi ukalegea. Akakifunga kijiti kwenye pindo la leso yake. "Bwana, huu si uongo," akanong'ona. "Ni kufuli tu."

Ukumbini Kitale wazee walikuwa tayari kwenye viti. Mlangoni paliwekwa beseni, na kila aliyeingia alitumbukiza simu yake humo. Nabwile aliliona, lakini hakulegea.

Kiptanui alipitisha vidole kwenye nyuzi. "Wa nne umelala. Kijiti kiko wapi, Mama?"

"Chomeka penseli, tuendelee!" mzee mmoja akasema.

"Hapana. Mwenyewe yuko hapa. Tumngoje aseme."

Nabwile akamtazama. Mwizi hangoji. Ama huyu ni mwizi mwenye subira?

"Simu yako iko wapi?" akauliza.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Umeshikwa, bana!"

Kiptanui akapapasa koti, akaitoa, uso umemwiva kwa aibu. "Nilisahau, Mama. Nilikuwa nikipokea wageni."

"Hivyo ndivyo nyimbo za watu husahaulika mifukoni. Na ya pili?"

"Sina ya pili. Nikague."

"Leta hilo beseni hapa miguuni pangu."

Likaletwa, simu ya Kiptanui ikiwa ndani. Ndipo Nabwile alipolifungua fundo la leso kwa meno na kumpa kijiti. Kiptanui akakichomeka, akaanza kukaza uzi.

"Usikaze kwa sikio lako," Nabwile akamwambia. "Wangila aliufuatisha na sauti yangu." Akatoa sauti moja ndefu. Kiptanui akakaza kidogo, akasikiliza, akakaza tena kidogo, mpaka uzi na sauti vikawa kitu kimoja. Nabwile hakuwa ameisikia sauti ile tangu mazishi.

Kisha akauimba wimbo aliotungiwa na mumewe. Ubeti wa kwanza aliuimba akilitazama beseni. Wa pili pia. Ubeti wa tatu wazee wakaanza kuitikia, taratibu, kama watu wanaobisha hodi, na Nabwile akafumba jicho moja.