Kaburi la Hazel wa Swichibodi

Mimi ndiye niliyemkatalia Opal, na nilimkatalia miaka minne mfululizo. Nasema mapema, msije mkanionea huruma.

Hapa Corwin kila Septemba tunawatembeza watu makaburini. Sisi wazee wa chama cha historia tunavaa nguo za kale, kila mmoja anasimama kwenye kaburi la mtu mashuhuri wa mji na kusema kana kwamba yeye ndiye marehemu: meya, daktari, mwenye kiwanda cha vifungo. Mimi, Wilma Kratz, ndiye mwenyekiti. Sheria yangu ni moja: asiyeandikwa gazetini mara mbili hasemewi.

Opal Dierkes aliigiza mke wa meya miaka kumi na minane. Lakini aliyemtaka hasa ni dada yake, Hazel. Siku ya mafuriko makubwa Hazel alikuwa zamuni kwenye swichibodi, ule mtambo wa kuunganisha simu za mji. Badala ya kukimbia, akazipigia nyumba za bondeni moja moja, watu watoke. Wakapona. Yeye maji yakamkuta kitini.

"Gazeti liko wapi?" nilimwuliza.

"Gazeti! Wilma, una wazimu? Mitambo ya gazeti nayo si ilizama?"

"Basi hakuna ushahidi."

"Ushahidi ni mimi hapa, kichwa ngumu wee! Na daktari kaniambia akili yangu inaanza kuniaga. Nikimsahau mimi, nani atamjua?"

"Mwakani tutaona," nikasema. Kila mwaka hivyo hivyo.

Mwaka huu Opal akasimama kaburini kwa mke wa meya, na kofia yake kubwa, wageni thelathini mbele yake. Mimi nimejibanza nyuma ya jiwe na karatasi, nimkumbushe akikwama. Akafungua kinywa. Kimya. Nikamnong'oneza mstari wa kwanza. Akageuka.

"Wilma, nimesahau."

Wageni wakacheka, wakidhani ni maigizo. Mimi nikajua si maigizo. Nikazitupa karatasi, nikamshika mkono, nikampeleka mpaka pembeni penye uzio, kwenye kijiwe cha kaburi la Hazel. Wageni wakatufuata.

"Haya, Opal. Leo hakuna gazeti, hakuna nini. Waambie."

Akakitazama kile kijiwe, akalisoma jina polepole. Kisha akaniuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia:

"Huyu alikuwa nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka minne nimemwambia mwakani!

Sijawahi kuigiza maishani, na sauti yangu inakwaruza. Lakini nikasimama pale, nikawageukia wageni. "Naitwa Hazel Dierkes. Nina miaka kumi na tisa. Nafanya kazi kwenye swichibodi." Nikayasema yote kama alivyonisimulia Opal: nyumba alizozipigia, na yule mzee aliyegoma kutoka bila nguruwe wake, Hazel akamfokea kwenye simu mpaka akatoka, yeye na nguruwe wake. Sikuruka hata kimoja. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nakataa huku nasikiliza.

Nilipomaliza Opal akanisogelea, akaniwekea kiganja shavuni.

"Hazel," akasema, "mbona umechelewa hivyo?"

Machozi yakanitoka mbele za watu, wala sikuyafuta.

"Nimechelewa kweli, mdogo wangu," nikamwambia. "Nisamehe."