Namba Aliyonikabidhi Kobe

Rubani wetu tulimwita Kobe, na si kwa kumsifu. Mara ngapi aliondoka na dawa zetu akarudi nazo kwa sababu ya wingu tu! Mimi ni muuguzi na ulimi wangu hauna breki, kwa hiyo nilishamwambia kwamba hata ndege yake inamwonea aibu.

Asubuhi ile nilikuwa nimepakata boksi la chupa za damu. Ng'ambo ya mlima, katika hospitali ndogo, mdogo wangu alikuwa amejifungua na damu haikomi. Daktari alisema ana saa tatu, labda nne.

Kabla ya kuwasha injini, Kobe aliandika namba kwenye kipande cha karatasi: 6,000. Siku za mashaka huiandika akiwa bado ardhini, kisha humkabidhi aliyekaa pembeni yake. Wingu likitushusha hadi futi hizo kabla hatujavuka pengo la mlima, tunarudi. Nilimuuliza kwa nini asisome kipimo cha kimo mwenyewe, macho si anayo.

"Nikiwa na haraka macho yangu hunidanganya," alisema. "Wewe soma kwa sauti. Nitageuka, sitabishana."

Tulipokaribia pengo, wingu lilitushukia. Mshale wa kimo ukateremka: elfu sita na mia tatu, mia mbili, mia moja. Mbele niliona mwanga mwembamba, nikasema moyoni njia ndiyo ile. Mshale ukagusa elfu sita. Nakiri kwamba nilinyamaza, nikiomba asiutazame. Kisha nikawaza chupa zile zikipasukia porini, na mdogo wangu bado anangoja.

"Elfu sita," nikasema, nikaanza kulia.

Aligeuza palepale. Ndege ilipolala ubavu, wingu lilifunguka upande wangu, nikauona mlima. Ule mwanga wangu ulikuwa maji yakimetameta juu ya mwamba. Mwamba mweusi, mkubwa, umesimama kimya, ukipanda hadi nikachoka kuinua shingo. Ulikuwapo muda wote. Niliogopa, lakini zaidi nilistaajabu, hata kulia nikasahau.

Tulitua tulikotoka, tukangoja saa nzima. Mimi nilizunguka ndege, yeye alikunywa chai. Redio ilipoleta habari kwamba wingu limepanda, aliniomba ile karatasi. Nilidhani ataipunguza namba, kwa kunihurumia. Aliitazama, akanirudishia.

"Mlima haujahama, dada," alisema.

Safari hii tulipita pengo tukiwa juu ya elfu saba, mwamba ukiwa chini ya miguu yetu.

Chupa ya pili ilikuwa katikati mdogo wangu alipofumbua macho. Mkono wake ulikuwa umerudiwa na joto.

"Mbona umechelewa hivyo?" aliuliza.

Nilitaka kumsimulia, nikauona tena ule mwamba. Nikamwambia tu kwamba nililetwa na Kobe.