Sauti ya Bega la Kushoto

Msimu ule hakuna aliyeipa nafasi timu ya Supeet. Ilikuwa klabu ya mpira wa kikapu ya mji mdogo wa bandari, kaskazini mwa Ulaya, iliyopenya kwa tabu kwenye ligi kubwa ya vilabu vya bara lile. Supeet mwenyewe, mzaliwa wa Endulen, kijiji cha Wamasai huko Tanzania, alikuwa mtu wa benchi. Rafiki yake pale alikuwa Tomas, mgawa mipira wa timu, aliyelala naye chumba kimoja kila waliposafiri.

Tomas aliomba afundishwe neno la Kiswahili ambalo wapinzani wasingelielewa. Supeet akampa “njoo.” Basi uwanjani Supeet alimzibia beki njia, Tomas akapita, akaita “njoo,” na Supeet akachomoka kuelekea kikapuni akijua pasi iko njiani.

Januari, Tomas alianguka mazoezini na hakuamka. Ulikuwa moyo, madaktari walisema. Supeet alibeba jeneza pamoja na wenzake kwenye theluji, na chozi halikumtoka. Alijishangaa, akadhani ni baridi.

Mechi iliyofuata mashabiki walisimama wakaliita jina la Tomas hadi kuta zikatetemeka. Kisha mpira ukaanza, na Supeet alipoingizwa akasikia nyuma ya bega lake la kushoto: “Njoo.” Lafudhi ilikuwa ileile, “o” ikivutwa kupita kiasi. Miguu ilikwenda kabla hajafikiri. Mpira ukamfikia mikononi kutoka kwa mchezaji mpya aliyeshika nafasi ya marehemu. Baadaye Supeet alimuuliza alichosema. Akajibu hakufungua mdomo.

Jina liliitwa kila mechi, na kila mechi sauti ilikuja. Supeet akawa mfungaji wa kuogopwa. Timu zenye mataji mengi zilifungwa, magazeti yakaandika juu ya Mmasai mwenye macho kisogoni, na klabu ile ndogo ikafika kwenye timu nne za mwisho. Hakumwambia mtu. Alikuwa akilala akiwa ameupa mgongo ukuta.

Nusu fainali, zikiwa zimebaki sekunde chache na wako nyuma kwa pointi moja, alisikia tena “njoo.” Safari hii sauti haikutoka begani. Ilitoka nje ya uwanja, kwenye njia yenye giza iendayo vyumbani. Supeet akageuka, akapiga hatua kuifuata. Pasi ikamgonga mgongoni ikatoka nje, na msimu ukaishia hapo.

Alirudi Endulen wakati wa ukungu. Mama yake, Nasha, alimwona namna anavyokaa akitazama nyuma, akamuuliza kinachomfuata. Supeet akamweleza yote. Nasha akaweka chini kibuyu cha maziwa.

“Ulimwitikia?” akauliza.

“Kwa miguu, yeyo,” akajibu, akimwita mama kwa Kimasai. “Msimu mzima.”

“Kwetu aliyekufa hatajwi jina. Ninyi mmemwita kila wiki, uwanja mzima. Mlitaka aende wapi?”

Akamtemea mate ya baraka kifuani, akamwapisha kwamba akiitwa tena, asiende.

Wiki iliyofuata Supeet alishuka Karatu na kucheza kidogo kwenye uwanja wa shule, upande mmoja na mwalimu wa michezo, Hyasinta. Mchezo ulipokolea, akasikia “njoo” kushotoni. Akaganda kama nguzo. Mpira ukapita mbele yake ukabingirika hadi kwenye mahindi. Hyasinta akaja akihema, akamuuliza kwa nini hakukimbia ilhali yeye alikuwa amemwita kabisa. Supeet alimtazama midomo. Hakuweza kumwambia kwamba ameshindwa kutofautisha sauti ya mtu hai na ya mfu.

Agosti klabu ilimwita arudi. Kabla ya mechi ya kwanza alimwendea mama yake Tomas, akamwomba jina lisiitwe tena uwanjani. Mama yule alimuuliza sababu. Supeet akamwambia kweli, kwamba mwanawe hajapumzika. Alitarajia kufukuzwa. Mwanamke yule alikaa kitini, akauliza polepole iwapo sauti ya mwanawe ilikuwa ya maumivu.

“Hapana, mama. Ilikuwa kama alipokuwa akinipa pasi.”

Mama yule akakubali. Siku ya mechi Supeet alisimama mwenyewe mbele ya mashabiki, akawaomba wakae kimya. Wakakaa. Mpira ukaanza, Supeet akazuia beki, akangoja. Begani hapakuja kitu. Alichelewa pasi moja, akachelewa ya pili, akaanguka na mpira wa tatu, hadi kocha akamtoa.

Alikaa kwenye benchi na taulo kichwani. Huko uwanjani wenzake waliitana kwa lugha zao, viatu vikilia sakafuni, na hakuna aliyeita “njoo.” Hapo ndipo Supeet alipomlilia rafiki yake kwa mara ya kwanza, mabega yakitikisika, na hakuna aliyemgusa.