Mashimo Yaende kwa Aliyesaini

Jumatatu saa tatu asubuhi pikapu ya Esteri ilikuwa imekaa juu ya magogo manne ya mkaratusi, uani kwake Rusengo, upande wa Kasanda, na magurudumu yake ya nyuma yalikuwa yameegemezwa kwenye migomba. Chini yake alilala chali fundi Nkunzimana, miguu nje, akimimina dizeli kwenye nati ambazo hazikuwa zimefunguliwa tangu marehemu mume wa Esteri alipozifunga. Nati ya kwanza ilifunguka saa nne. Ya pili ikagoma, ikakatwa kwa msumeno. Esteri alikaa kwenye jeki na kumpa fundi spana kabla hajaiomba, kwa sababu gari hilo alilijua kuliko alivyowahi kumjua marehemu.

Springi zilizotoka zilikuwa zimelala kabisa. Springi ya nyuma inatakiwa ijikunje kama upinde. Hizi zilikuwa zimenyooka kama rula, na bamba la chini lilikuwa limekatika vipande viwili. Nkunzimana alizigeuza geuza, akasema hizo si springi tena, hizo ni malalamiko.

Esteri hakuwa anatafuta starehe. Binti yake Divine alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza, mwaka juzi, Esteri mwenyewe ndiye aliyeshika usukani kumpeleka hospitali ya Kibondo, mchana kweupe, na kwenye kona ya Nyakayenzi pikapu ilitumbukia shimoni, ikaruka, ikatumbukia kwenye shimo la pili. Mtoto alizaliwa palepale, juu ya magunia. Hakulia. Divine hakumlaumu mama yake hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Esteri kuliko lawama. Alikuwa na hasira. Huzuni nayo ilikuja, lakini ikakuta nafasi imejaa.

Tena hasira hiyo ilikuwa na anwani. Hatua mia kutoka kwenye kona ile lilisimama bango la serikali lililosema barabara imekarabatiwa kwa kiwango cha changarawe. Changarawe yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Labda ilipita Jumapili, watu wakiwa kanisani.

Nkunzimana alikuwa fundi wa magari kwa kazi na mhunzi kwa ukoo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani. Yeye ni raia, ana kadi, ana shamba la mihogo, na ana mvukuto wa babu yake. Mabamba mapya aliyatoa kwenye lori bovu lililokuwa likipeleka unga kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, na kambi ilipofungwa lori likabaki. Watu humletea chuma cha namna hiyo awafulie mapanga. Safari hii aliyakata mabamba matatu kila upande, akayapasha moto mpaka yakaiva, akayapinda kwa nyundo huku akipima upinde kwa kamba ya mgomba, kisha akayazamisha kwenye oili chafu. Bushi, zile mpira za kwenye maungio, alizichonga kutoka kwenye tairi la lori. Shokapu zilitoka Kasulu kwa basi, zimeviringishwa kwenye gunia. Kazi ilichukua siku mbili na nusu, na Esteri alipaka grisi mwenyewe mpaka kwenye viwiko.

Siku ya tatu, kabla ya kukaza nati ya mwisho, Nkunzimana alitoka chini ya gari, akafuta mikono na kuuliza swali ambalo ukoo wake huwauliza watu wote wanaowafulia kitu.

"Chuma hakimezi kipigo, Mama Divine. Kinapokea, halafu kinapeleka. Nisipokiambia kipeleke wapi, kitapeleka kwa aliyekaa juu yake. Mashimo yaende kwa nani?"

Wengi hujibu yaende ardhini. Ni jibu zuri, halimuudhi mtu. Esteri hakufikiri mara mbili.

"Yaende kwa aliyesaini kwamba barabara imetengenezwa."

"Ego," alisema Nkunzimana, yaani ndiyo. Akaingia tena chini ya gari, akaiambia nati jibu hilo, akakaza.

Ijumaa ilikuwa siku ya soko Kibondo. Esteri alipakia magunia tisa ya maharage na akina mama sita, akaondoka. Mashimo yalikuwepo yote, yaleyale, kila mtu aliyaona yakija. Pikapu iliingia ndani yake na kutoka, na waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Mmoja wao alikuwa ameshika kikombe cha uji, akakinywa hadi mwisho pale pale Nyakayenzi. Walisema fundi ni fundi, wakaendelea kuongea mambo ya harusi.

Saa hiyohiyo, mjini, katika ofisi inayohusika na barabara, ambayo hatuitaji jina maana jina lake ni refu kuliko barabara zake, Injinia Sylvesta alirushwa kutoka kwenye kiti chake. Akaanguka, akaamka, akarushwa tena. Chai ilimwagika juu ya ramani. Alipoamua kusimama alirushwa akiwa amesimama. Ilidumu saa moja na dakika kumi, ikakoma ghafla kama mtu aliyefika. Jioni ikaanza upya kwa mpangilio wa kinyume.

Jumanne ikawa vilevile, maana Jumanne nayo ni siku ya soko. Sylvesta alibadilisha kiti, akabadilisha chumba, akajaribu kukaa sakafuni. Akaenda kwa daktari. Daktari alimpima mgongo, akakuta umetikisika vibaya, akamshauri aepuke barabara mbovu. Sylvesta akamjibu kwamba hajawahi kupita barabara mbovu maishani mwake, kwamba katika eneo lake barabara mbovu haipo, na ripoti amesaini mwenyewe.

Aliyeitambua ni karani wake, Chantal, mzaliwa wa upande wa Kasanda. Ijumaa ya pili aliingia na faili la kusainiwa, akasimama mlangoni akimtazama bosi anavyorushwa. Alitazama kwa utulivu, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza wimbo wa kwao. Bosi alipoinamia kushoto, Chantal alisema hapo ni daraja la magogo. Aliporuka mara mbili mfululizo na kugonga meno, alisema hapo ni Nyakayenzi.

"Bosi, hiyo ni barabara ya kwetu," alisema.

Sylvesta, akiwa ameshika miguu ya meza, alimjibu kwamba barabara hiyo imekarabatiwa. Chantal akasema sawa, akaandika kwenye daftari la ofisi kwamba bosi yuko barabarani.

Chantal alikuwa amesikia kwao habari za pikapu ya Esteri na springi za Nkunzimana, akamwelekeza bosi, na Jumatatu Sylvesta alipanda gari la ofisi kwenda Rusengo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupita njia hiyo. Kwa kuwa Esteri hakusafiri siku hiyo, mashimo aliyapata kwa njia ya kawaida, kama wananchi wengine. Alishuka uani kwa Esteri amejishika kiuno.

Esteri alimpokea kama mgeni anavyopokelewa Buha, nchi ya Waha. Alipiga makofi polepole, akainama, akamwambia "Mwidiwe," akamuuliza habari za nyumbani, za mke, za watoto, za ng'ombe kama anao, na za huko alikotoka. Salamu za Waha hazikatishwi, hata na mtu mwenye maumivu. Zilipokwisha akamletea kiti. Sylvesta akasema anashukuru, atasimama.

Alieleza shida yake bila kuficha. Esteri hakushangaa, alisema alikuwa akijiuliza ni nani, sasa amemwona, kumbe ni kijana wa watu. Sylvesta akaomba springi zile zifunguliwe. Atamletea nyingine mpya kutoka Dar es Salaam, bado zimo kwenye boksi.

"Nitazifungua siku barabara itakapotengenezwa," Esteri alisema.

Sylvesta akafafanua, kwa upole kabisa, kwamba hilo ndilo gumu. Barabara ilishatengenezwa. Ripoti ilishapanda juu na juu wameshaifurahia. Barabara iliyotengenezwa haitengenezwi tena mpaka miaka saba ipite, na yeye akipeleka grada pale atakuwa anakiri kwamba ripoti ni ya uongo. Isitoshe, bango lipo.

"Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Esteri alimwambia. "Sasa umekilalia. Unaondokaje unasema hakina kunguni?"

Sylvesta alitazama migomba. Kisha akatoa barua yenye muhuri: gari limebadilishwa muundo bila kibali, halitaruhusiwa barabarani hadi likaguliwe, na mkaguzi atapangiwa tarehe. Divine alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu ya tumbo, akasikia yote. Usingizi ulimkimbia wiki hiyo. Kila alipofumba macho alihesabu mashimo kati ya kitanda chake na hospitali, na kila alipofika Nyakayenzi alianza kuhesabu upya.

Siku mbili baadaye mti wa kizuizi ulilazwa barabarani, kilomita mbili kutoka Rusengo, ukafungwa kwa kamba, na mgambo aitwaye Moses akawekwa kuulinda. Sylvesta mwenyewe alibaki hapo na mwavuli. Alisema anasimamia utekelezaji. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa siku ya soko.

Uchungu wa Divine ulianza Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, wiki mbili kabla ya tarehe. Hakukuwa na gari lingine Rusengo, na bodaboda kwa hali ile ilikuwa kumuua. Majirani walisema Esteri asubiri, pengine azae nyumbani. Esteri alishasubiri barabara itengenezwe na hakuona faida yake. Alitandika godoro nyuma ya pikapu, akamlaza bintiye, akawapandisha majirani wawili wamshike, akaingiza gia.

Kwenye kizuizi alisimama. Sylvesta akaja dirishani. Alisema sheria ni sheria, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Nyuma Divine aliguna kwa maumivu, na Sylvesta akatazama nyuma, na alichokiona hakikuwa kwenye ripoti yoyote aliyowahi kusaini. Hata hivyo hakuondoa mkono kwenye kamba.

"Nakuomba mama," alisema. "Mgongo wangu hautaweza."

Esteri alimwonea huruma. Tuseme kweli, alimwonea huruma, kwa sababu na yeye ni mzazi. Lakini huruma yake siku hiyo ilikuwa na foleni, na Sylvesta alikuwa wa pili.

"Mimi napita," alimwambia. "Wewe kaa chini, ushike kitu."

Moses mgambo alimtazama injinia, akamtazama Esteri. Mke wake naye aliwahi kupelekwa Kibondo na pikapu ileile, wakati wa springi za zamani, na mpaka leo hakai bila mto. Akaufungua mkono wa Sylvesta kwenye kamba, kidole kimoja kimoja, bila ugomvi, akauinua mti. Sylvesta akakaa chini kwenye vumbi na kuikumbatia nguzo ya kizuizi kwa mikono na miguu. Pikapu ikapita.

Moses ndiye aliyesimulia baadaye. Alisema daraja la magogo lilimwinua injinia wima akiwa bado ameshika nguzo. Pale Nyakayenzi alipiga kelele moja, ya kwanza na ya mwisho, na nguzo ikang'oka na mizizi yake ya zege. Moses akamletea maji, lakini ilibidi wasubiri, kwa sababu mbele bado kulikuwa na kilomita kumi na nane.

Divine hakusikia shimo hata moja. Alisikia uchungu tu, uchungu wake mwenyewe, ambao ni kazi yenye mwisho. Kona ilipopita alimuuliza mama yake kwa sauti kupitia dirisha la nyuma kama wameshafika Nyakayenzi. Esteri akamwambia wameshaiacha. Divine akalia kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, na majirani wakamwacha alie.

Mtoto alizaliwa hospitalini saa tano kasoro, wa kike, akalia mpaka muuguzi akacheka. Walimwita Ininahazwe. Esteri alimpakata, akamtazama vidole, akazungumza naye kidogo kuhusu aliyemtangulia, ambaye hakupata jina. Kisha akarudi Rusengo, na safari ya kurudi nayo ilikuwa na mashimo yake.

Ofisi ilikaa kikao kuhusu jambo hilo, kikaitishwa kingine. Ikaamuliwa kwamba kiti cha injinia kifungwe sakafuni kwa bolti nne na kiwekewe mkanda wa gari, na kuta zipigwe magodoro. Fedha zilitoka kwenye fungu la matengenezo ya barabara. Sylvesta alihamishwa kwa sababu za kiafya, akaja mwingine, kijana msomi, mwenye viatu vizuri. Siku ya makabidhiano aliwekewa ripoti zote mezani, akazisaini bila kwenda kuangalia chochote, na Chantal akamwonyesha namna ya kufunga mkanda.

Kwa Nkunzimana siku hizi kuna foleni. Pikapu zinatoka Kasanda, mbili zimetoka Manyovu, na juzi lilikuja gari la maji. Kila mmoja anaulizwa swali lake na anajibu anavyojua yeye mwenyewe. Inasemekana mafundi seremala wa mjini wana kazi nyingi ya kufunga viti sakafuni. Masika yamekwisha na grada halijaonekana. Mashimo yameongezeka, na bango limepakwa rangi mpya.

Mwezi uliopita Esteri alipata barua kutoka ofisini, ya heshima sana. Ilimwomba, kwa ajili ya mahusiano mema kati ya wananchi na serikali, awe anapiga simu kabla ya kuanza safari, ili mhusika apate muda wa kujifunga. Namba ilikuwa imeandikwa chini. Esteri aliisoma yote mpaka kwenye muhuri, akaikunja mara mbili. Nyuma ya pikapu alikuwepo mjamzito kutoka kijiji cha pili na magunia matatu ya mihogo. Akawasha gari bila kumpigia mtu, na njia nzima hakukwepa shimo hata moja.