Rafu ya Chini

Jumatatu asubuhi Mama Darasa alifungua kabati la joto la maabara, linamokuzwa seli, akakuta visahani vyote vya rafu ya chini vimegeuka manjano. Chakula cha seli kikiwa kizima huwa na rangi ya waridi. Kikigeuka manjano, ujue kimeliwa kikaisha. Visahani vya rafu ya juu vilikuwa waridi tupu.

Alikumbuka papo hapo. Jumamosi alikuwa amefunga kula kwa ajili ya maombi. Saa saba alikuwa amemaliza kulisha rafu ya juu, akatazama saa, akajiambia kwamba ibada inaanza na kwamba angerudi baadaye kumalizia ya chini. Ibada ilimnogea. Aliomba hadi jioni, akaenda nyumbani mwepesi kama unyoya, wala hakukumbuka kwamba kuna viumbe wengine aliowafungisha bila kuwauliza.

Alitazama mlango. Hapakuwa na mtu. Akafyonza maji ya manjano, akajaza ya waridi, kisha akachukua kalamu na kutia alama ya vema kwenye safu ya Jumamosi ya ratiba ya kulisha. Aliitia bila kusita. Hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Pale maabara walimwita Mama Darasa, kwa sababu alianza masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na miwili, baada ya kuosha vyombo vya kioo kwa miaka kumi na tisa. Mtafiti mwenye seli zile, binti wa rika la kitinda mimba wake, ndiye aliyemfundisha kuzilisha na kumwamini nazo. Seli za rafu ya chini zilitiwa chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba dhahabu yenyewe ilionekana kama maji mekundu. Za juu hazikutiwa kitu. Binti alitaka kujua kama dhahabu ingezigutusha seli zijisafishe: zikusanye taka zao, zizifunge vifukoni, zizimeng'enye. Ijumaa angepeleka majibu mbele ya kikao, nacho kingeamua kama ataongezewa mwaka au atafungasha virago.

Saa moja baadaye binti alipiga ukelele kwenye hadubini.

"Mama Darasa! Njoo uone, mama yangu! Hivi vidoa vya kijani, kila kimoja ni mfuko wa taka. Za juu zimelala tu, hizi za chini zimefagia nyumba nzima!"

"Hongera, mwanangu." Hakuisogelea hadubini.

"Mbona umepoa? Au umeshaanza kuringa, kwa kuwa jina lako nimeliweka kwenye ripoti?"

"Jina langu?"

"La tatu, baada ya profesa. Ukifaulu na huo mtihani wa jioni, humu ndani hatutakaa na wewe!"

Mama Darasa alicheka, kwa kuwa ilibidi acheke.

Jioni ile mwalimu wa biolojia aliwauliza wanafunzi wake, "Seli ikinyimwa chakula, hufanyaje?" Akajijibu mwenyewe, kama kawaida yake. "Hula taka zake. Njaa nayo huifanya ijisafishe."

Wenzake wakanakili. Yeye alibaki ameshika kalamu. Mwaka mmoja nyuma asingejua alichokifanya; angelala usingizi wake. Sasa alikuwa amesoma vya kutosha kuhukumiwa. Vidoa vile huenda havikuletwa na dhahabu hata kidogo. Huenda vililetwa na njaa, na njaa ile ilitoka mkononi mwake.

Siku mbili alipiga magoti kando ya kitanda. Aliomba msamaha, akaomba tena, na kila mara aliinuka mzito zaidi, hadi akatambua alichokuwa akikiomba hasa: kwamba Mungu amsaidie kunyamaza. Hapo akaona haya kuendelea kupiga magoti.

Alhamisi mchana alimkuta binti akipanga picha za kikao.

"Mwanangu, Jumamosi sikulisha rafu ya chini."

Binti hakugeuka. "Uliweka vema."

"Niliiweka Jumatatu. Nilidanganya."

"Zilikaa tangu lini?"

"Tangu Alhamisi. Mpaka Jumatatu asubuhi."

Kiti kikazunguka polepole. "Kumbe ni njaa."

"Labda."

"Labda njaa, labda dhahabu. Maana yake sina kitu, Mama." Akajifuta uso kwa viganja. "Nani mwingine anajua?"

"Mungu."

"Nauliza watu!"

"Mimi. Na sasa wewe."

Binti akazitazama zile picha, akamtazama yeye, akazirudia picha. Mama Darasa alikuwa ametarajia kwamba akishasema atapata nafuu. Badala yake aliona kwamba mzigo haukutua chini. Ulikuwa umehamia kwenye uso ule mchanga, nao ulikuwa ukiupima, kama ulivyompima yeye. Binti angeweza kuukwepa. Kwa neno moja tu, *nyamaza*, yangekwisha, na wote wawili walijua.

Binti akachukua simu, akaiweka, akaichukua tena. Jina la profesa likatokea kwenye kioo.

"Nitoke, mwanangu?"

"Kaa. Umeniingiza humu wewe. Kaa mpaka apokee."

Akavuta kigoda, akakaa. Simu ikaanza kuita. Mama Darasa akainamisha kichwa aombe, asijue aombe ipokelewe au isipokelewe.