Fundi Asiyeogopa Upepo

Siku ya Jumanne bibi Vukosava alianguka bafuni, na hadi Ijumaa alikuwa hajamwambia mtu. Paja lilikuwa limevilia damu, jeusi kama plamu, lakini alitembea, na kwa mawazo yake mtu anayetembea hajaanguka. Shida ilikuwa mwanawe Predrag, aliyekuwa akiishi Stuttgart, Ujerumani, na ambaye alikwisha kula yamini: ukianguka tena, mama, nakuja kukupeleka nyumba ya wazee. Mara ya kwanza ilikuwa Februari. Aliificha majuma kadhaa, mpaka jirani akamchongea.

Kwa hiyo Predrag alipopiga simu kusema kwamba anamtuma fundi aje kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta, machale yalimcheza. Kweli, Jumapili iliyopita kompyuta ilikataa kumwonyesha wajukuu. Iliandika kwamba mfumo wake umepitwa na wakati. Ilikuwa kuukuu kweli. Predrag aliitumia chuo kikuu, marehemu mume wa Vukosava akaichezea karata, na ukiiwasha uliweza kupika kahawa na kuinywa kabla haijaamka. Lakini mbona fundi aje haraka hivyo, wakati fundi wa bomba hapa Valjevo, Serbia, huitwa majira ya kuchipua akaja theluji ikianguka?

Fundi aliitwa Strahinja, kijana mnene aliyefika ghorofa ya nne ametota jasho. Vukosava alimpokea kwa kijiko cha jemu ya cheri, glasi ya maji baridi na kahawa. Jasusi akishavuka kizingiti ni mgeni, na mgeni hana kosa mpaka aondoke.

"Shangazi, ngazi hizi unazipanda mwenyewe kila siku?"

"Kwani kompyuta ndiyo inayotaka kujua?"

"Nauliza tu. Mimi nimefika nahema kama mbwa."

"Wewe unakula nyama ya nguruwe kupita kiasi. Haya, fanya kazi."

Akafungua ubavu wa kompyuta, akapiga mluzi. "Humu mna vumbi la kupanda viazi. Na feni imekufa. Ya aina hii haiuzwi tena popote."

Kisha akafanya jambo ambalo Vukosava hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Alifungua dirisha la barabarani, akafungua na la uani, akaiweka kompyuta katikati, ubavu wazi. Pazia zikaruka. Naye akaketi hapo hapo, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Utapata promaja!" Vukosava alimaka.

"Ndiyo ninayoitaka. Bila upepo itachemka kabla haijamaliza."

Moyoni Vukosava alikataa katakata. Promaja, upepo upitao kati ya madirisha mawili, ulimpinda mdomo mjomba wake, ukamla figo mwalimu wake wa hesabu, na kila mama wa Serbia humkanya mwanawe kuuhusu kabla hajamfundisha kuomba Mungu. Mserbia gani hukaa ndani yake kwa hiari, tena amelowa? Huyu ana lake jambo. Labda, aliwaza, anataka kuona kama nitaweza kuinuka niyafunge. Akaketi wima, akabana maumivu.

Kwenye skrini asilimia za mfumo mpya zilipanda taratibu.

"Picha zangu usizifute."

"Zote nimezihifadhi pembeni, shangazi."

"Pembeni wapi?"

Akamwonyesha kisanduku kidogo mfukoni mwake.

"Basi haziko pembeni. Ziko kwako."

Strahinja akacheka, akachukua sigara na simu, akatoka kwenda roshani. "Usiguse kitu. Ikimaliza itajiwasha yenyewe."

Vukosava alibaki akitazama pazia. Kumshuku kijana alimshuku, lakini naye ana mama, na atarudi kukaa na mgongo ule uliolowa. Asubuhi shingo itakuwa imekakamaa, na watu watasema aliipatia kwa Vukosava. Akajikokota kwa kushika meza, akafunga dirisha la uani. Akaenda la barabarani, lililopakana na roshani, na hapo akasikia.

"Anatembea, ndiyo. Anachechemea, lakini ukimtazama anajinyoosha. Hapana, hajashtuka. Kamera nitaiacha wazi, utakuwa unamwona saa yoyote unayotaka."

Akalibamiza dirisha. Akafunga na mlango wa roshani, akazungusha ufunguo.

"Shangazi! Fungua!"

"Maliza sigara yako."

Alikaa amekunja mikono. Nyuma yake kompyuta ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Skrini ikawa nyeusi. Harufu ya plastiki iliyoungua ikaenea sebuleni.

"Madirisha!" Strahinja aligonga kioo kwa viganja. "Nani kafunga madirisha?"

Vukosava akafungua mlango. "Mimi. Nilikuwa naokoa mgongo wako, mjinga mimi!"

Kijana akagusa kompyuta, akauondoa mkono upesi. Akaitazama, akamtazama bibi. "Ilibaki kidogo sana," alisema. Akatikisa kichwa. "Hata mama yangu angeyafunga."

Simu mkononi mwake ilikuwa bado inaongea. "Kuna nini huko? Mama ameanguka?"

Vukosava akaipokonya. "Mama yako amesimama! Unanichungulia ndani ya nyumba yangu, Predrag, kama mwizi wa kuku? Na kunitumia jasusi nimlishe jemu?"

"Mama, nisikilize..."

"Wewe ndiye wa kuona haya!"

"Nikuamini kwa lipi?" Sauti ya Predrag ilipasuka. "Kila nikiuliza, mzima wa afya. Februari ulilala sakafuni nusu siku, jioni ukaniambia mzima wa afya. Kila Jumapili nakutazama na sijui kama naongea na mama yangu au na uongo wake. Silali, mama."

Alikuwa analia. Mwanamume wa mvi, analia mbele ya wakubwa zake kazini au garini, Mungu anajua wapi.

Vukosava alikuwa amemshuku fundi, ameyashuku madirisha, amemshuku mwanawe wa kumzaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa sketi yake ndefu aliyoivaa kuficha paja. Aliona aibu kali. Strahinja alianza kunyata kuelekea mlangoni. Vukosava akamwashiria akae, kwa kuwa kahawa yake hakuimaliza.

"Mama? Mzima?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la siku zote. Akalimeza, akajishusha kitini polepole, bila kumficha kijana maumivu yaliyokuwa usoni.

"Jumanne nilianguka," alisema. "Inaniuma, Predrag. Inaniuma sana, na usiku naogopa."