Askari wa Gogoni

...na laiti kungekuwa na jela, hata kibanda chenye mlango, Hender asingekaa juani hivi kumchunga mtu aliyefungwa mnyororo kwenye gogo kama mbuzi, lakini koloni bado changa, mahema na matope tu, moshi wa wenye nchi ukipaa kule vilimani, na gavana alisema sheria kwanza, kuta zitafuata, akampa koti la askari linalombana makwapa, na tangu hapo akipita watu wanakatisha maneno, wanainamia vikombe vyao vya chai...

"Hender," akasema Jory pale gogoni, "legeza kidogo, mwenzangu. Mguu umevimba."

...asimjibu, akimjibu amekwisha, Jory ndiye aliyechinja kondoo wa serikali akawapikia mchuzi wagonjwa wa homa, na Hender akamkamata mafuta yakiwa bado mikononi, angefanyaje, na mashua ile inakuja kumchukua, bado ndogo huko majini, itampeleka kisiwani akavunje mawe...

"Au wakikuvika koti wanakuziba na masikio?"

"Nakusikia."

"Afadhali. Loveday angekuona leo, angekuzaba kofi."

...Loveday, hakuna mwingine pwani hii anayelitaja jina la mkewe, walimshusha baharini pamoja, kwenye sanda ya tanga, Jory ameshika miguu, yeye kichwa, wakati Cornwall, kwao Uingereza, ilikuwa mbali nyuma na huku bado hakujafikwa, na wengine wa meli iliyowaleta homa imewamaliza... asubuhi askari mwenzake alimnong'oneza, mwache akimbie, pori lile pale, nani atakulaumu, naye akajibu sheria ni sheria, akajiona mwanamume, kumbe uongo, sheria wapi, Jory akikimbia ataondoka na jina lile, Loveday ataondoka mara ya pili, hivyo amemng'ang'ania, kwa mnyororo, abaki naye japo mpaka mashua ifike, na kwa hilo amemvimbisha mguu rafiki yake...

Ufunguo wa mnyororo ulikuwa umepata joto mfukoni mwake. Mashua bado ndogo.

"Jory," akasema, sauti ikamtoka kama ya mgonjwa, "alikuwa akicheka vipi? Nimeanza kusahau."

Jory akauvuta mguu wake uliovimba, mnyororo ukalia.

"Kama mtu aliyepaliwa," akasema. "Mpaka unataka kumpiga mgongo."

...ndiyo, hivyo hasa, kama aliyepaliwa, na Hender akabaki ameushika ufunguo, hajui atafanya nini, ila ameshajua kwamba tangu asubuhi hakuwa akililinda koloni.